Jiwe Nililolipaka Chokaa

Mungu ashukuriwe, anayemwachia mzee muda wa kukiri kosa lake.

Katika shamba letu la mikorosho, upande wa Chiwata, limesimama jiwe jembamba, refu kuliko mtu. Walioliweka hawajulikani, wazee wa wazee wetu walilikuta hivyo hivyo. Dada yangu mkubwa, aliyebatizwa kama mimi, humwaga unga wa mtama chini yake kila mwaka kabla ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Mimi nilikuwa mwalimu wa kanisa, nikaona aibu. Shamba ni la upande wa mama, kwa hiyo kwa desturi yetu neno la mwisho ni la dada. Sikumwuliza.

Alipokwenda Ndanda kumuuguza binti yake, nililipaka jiwe chokaa lote, nikalichorea msalaba kwa rangi nyekundu ya mafuta.

Aliporudi alilitazama muda mrefu. "Umemvika nani sanda?"

"Dada, chakula cha watoto hakimwagiwi mawe."

"Wangu walilala njaa lini? Umekula ugali wangu mpaka ukaota ndevu, leo unanipimia unga?"

Jirani, mtani wetu, alikuwa akipalilia mpakani. "Mwalimu," akasema, "umelibatiza kabla halijasoma mafundisho." Dada hakucheka.

Jumapili iliyofuata nilikuta unga maradufu. Akina mama wa kanisa langu, ambao zamani walilikwepa jiwe, sasa walimwaga peupe, kwa kuwa lina msalaba. Nikarudi na ndoo na brashi. Chokaa ilitoka, rangi ya mafuta ikagoma. Nilikuwa nimepiga magoti, nasugua kwa nguvu, dada akaja akasimama nyuma yangu.

"Sasa unamfuta Yesu?"

Niliitia brashi ndooni, nikainuka.

"Toka shambani kwangu," akasema. "Na kwangu usile."

Msimu wa pili huu sijakanyaga pale. Kila asubuhi nasimama uani kwake. "Shikamoo, dada." Yeye hufagia tu, na vumbi hulielekeza miguuni mwangu. Juzi nilimwomba radhi mbele ya wanawe. Akaniambia, "Kaliombe jiwe," akaingia ndani.

Kesho nitakwenda tena. Namshukuru Mungu kwamba bado yupo wa kunifukuza.

Nawe unayesoma, Bwana akulinde na haraka ya kusafisha nyumba ya mwenzio, na akujalie ndugu wa kukuitikia salamu.