Taa Zilizompeleka Nanyokie Mnadani

Wapenzi wa anga wenzangu, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu huenda kama ng'ombe anayepanda mlima: hatua, pumziko, hatua. Mkikuta neno limekosewa, lirekebisheni kimya kimya mwendelee. Mama mlezi wa kundi letu la simu alituomba kila mmoja aeleze alivyoanza kupenda mambo ya nyota. Mimi kusema mbele ya watu siwezi. Hata ujumbe wa sauti huufuta kabla haujaenda. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi, rafiki yangu ataipiga picha aiweke kundini. Na mengi humu si yangu. Ni ya bibi yangu, ambaye sisi Waarusha humwita Koko, na ndiye aliyenituma.

Asubuhi ile naikumbuka kwa mlio wa kibuyu kikianguka. Kazi yangu ni kukata katambuga, viatu vya matairi, pale Kaloleni mjini Arusha, na mwisho wa juma hupanda nyumbani kwa Koko, upande wa magharibi wa Meru. Jumamosi hiyo tulitoka kukamua kabla jua halijachomoza. Nilikuwa nimeshika kamba ya Nanyokie, ng'ombe wetu mwekundu, Koko amechutama na kibuyu chake. Mara akainua uso.

"Enkai ai!" akasema. Mungu wangu.

Kibuyu kikamtoka, maziwa yakatambaa kwenye samadi. Nami nikatazama juu. Nyota zilikuwa zinatembea. Si moja, ni mstari mzima, zimefuatana kama shanga kwenye uzi, zinatokea huku tambarare, zinapita juu ya migomba yetu, zinaelekea kilele cha Meru. Hazikuwa na mlio hata kidogo. Ndege ina mlio. Radi ina mlio. Kitu kikubwa namna ile kinachopita kimya sijawahi kukiona, na nilijikuta nimeikumbatia shingo ya Nanyokie kama mtoto.

Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa barabarani. Wengine waliziona, wengine waliamka wakasimuliwa, na wale waliosimuliwa ndio waliosema kwa sauti kubwa zaidi. Binamu yangu Lomayani akaja mbio na simu yake. Alikuwa na video iliyotumwa huku na huku: tarumbeta inalia, kisha sauti nzito ya mtu asiyeonekana inasema kwamba taa zile ni ishara, siku zimekwisha, na kila mwenye mali aitue mikononi kabla haijawa mzigo. Lomayani aliirudia kwa kila aliyepita. Koko aliisikiliza mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili akakaa chini.

"Kesho Nanyokie anakwenda mnadani," akasema.

Niwaeleze ninyi mnaosoma mkiwa mbali. Kanisani kwetu, sisi Walutheri, ibada ikiisha, waumini hutoa mazao kuwa sadaka: mkungu wa ndizi, mayai, kuku, maharage. Yote hunadiwa pale nje na fedha huingia kanisani. Ni jambo la furaha, watu hucheka sana. Lakini ng'ombe wa maziwa, na ndiye pekee, hakuna anayemleta. Maziwa ya Nanyokie ndiyo yaliyokuwa yanamlea Neema, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye hata meno hayajamjaa mdomoni.

"Koko, na Neema?" nikauliza.

"Neema ana Mungu. Mimi sitaki siku hiyo inikute nimeshika kamba ya ng'ombe."

Nikapanda hadi kwenye kona ya barabara ambako mtandao hukamata, nikaanza kutafuta. Naandika maneno polepole, na hiyo ilinisaidia, maana nilisoma kila kitu hadi mwisho. Tarumbeta zilikuwa nyingi. Nikazipita. Ndipo nikafika kwenye kundi hili letu. Sikujua mtu hata mmoja. Nikaandika tu: "Leo asubuhi nyota zimepita juu ya Meru kwa mstari. Koko anataka kutoa ng'ombe. Naombeni msaada."

Mama mlezi akanijibu kwa sauti: "Mdogo wangu, pole. Hizo ni setilaiti, vyombo vya kupeleka intaneti. Zimerushwa karibuni kwa roketi moja, bado hazijatawanyika, ndiyo maana zinafuatana. Hazina taa. Kule juu jua limeshazifikia wakati ninyi mngali gizani, nazo zinang'aa kama bati. Lakini usiniamini mimi. Fungua ukurasa huu, andika jina la mahali ulipo, utakuambia zitapita saa ngapi na zitatokea wapi. Toka nje uone mwenyewe."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na zile taa. Maishani mwangu sijawahi kusikia mtu aliyesoma akiniambia nisimwamini. Nikafungua ule ukurasa, bando likiwa limebaki punje, nikaandika Arusha. Ukaniambia: kesho alfajiri, halafu tena jioni jua likishazama.

Jumapili alfajiri nikasimama uani peke yangu. Koko alikataa kutoka. Alikuwa ndani, amejifunika shuka, anaomba. Na zikaja. Zilitokea pale pale paliposemwa, wakati ule ule. Nikaingia ndani nahema.

"Koko, zimepita! Mtandao uliniambia jana kwamba zitapita. Si ishara, ni vyombo vya watu."

Akaifunua shuka usoni. "Lomayani ana simu, nawe una simu. Zote zina kioo, zote zinasema. Nimwamini nani?"

Wenzangu, hilo swali lilinifunga mdomo. Mimi si mtu wa kubishana. Akafunga kamba, tukashuka na Nanyokie kuelekea kanisani.

Mnadi wetu ni Mzee Anaeli, mtu wa utani. Aliinua mkungu wa ndizi: "Ndizi hizi zimesikia mahubiri yote, hazikusinzia kama baadhi yenu!" Watu wakaangua kicheko. Akamnadi jogoo: "Huyu akiwika, hata mwenye deni anaamka!" Kisha Koko akapita mbele na ng'ombe, na kicheko kikakatika. Nilisikia mama mmoja akisema, "Yesu wangu." Neema alikuwa mgongoni kwa Koko, ananyonya kidole.

Mzee Anaeli mwenyewe alishtuka, ila kazi ni kazi. Na kwa mazoea ya mfugaji, kabla hajataja bei, akamshika Nanyokie taya, akamfungua mdomo, akatazama meno. Mnunuzi mmoja aliyetoka mtaa wa Kwa Mrombo akasogea, naye akachungulia. "Bado kijana huyu," akasema, akataja bei yake.

Sijui sauti ilinitokaje. "Asiuzwe!"

Watu wote wakageuka. "Ero!" Mzee Anaeli akasema, yaani kijana we. "Kumbe huyu naye ana sauti! Tangu abatizwe sijamsikia. Haya, sema."

Nikasema yale machache niliyoyajua: roketi, setilaiti, jua kuzipiga kule juu. Nilitaka kumwokoa Koko, lakini vijana waliokuwa nyuma wakaanza kucheka. "Koko kaikimbia intaneti!" mmoja akapiga kelele. "Mpeni Koko bando!" Nikaona uso wake ukishuka, nikatamani ardhi inimeze.

Koko alikuwa anautazama mkono wa Mzee Anaeli, ambao bado ulikuwa kwenye taya ya ng'ombe.

"Anaeli," akasema taratibu, "huyu umemjua tangu ndama. Mbona umetazama meno?"

"Ah, Koko! Ng'ombe hanunuliwi kwa kusifiwa. Hata wa ndugu yako unamfungua mdomo."

Koko akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa akiwa peke yake. "Nami yule wa tarumbeta sikumfungua mdomo. Uso wake sijauona, jina lake silijui, nikamletea Nanyokie." Akanigeukia. "Na huyo wako wa kwenye simu? Ana meno?"

Sasa jibu nilikuwa nalo. "Aliniambia nisimwamini, nitoke nikaone. Nikatoka, nikaona. Na jioni hii zinapita tena, Koko. Nikiwa mwongo, watu wote hawa wataniona."

Mzee Anaeli akataka kumrudishia kamba pale pale. Koko akakataa, na hapo tulishtuka tena. "Ahadi ni deni. Niliogopa kijinga, lakini niliahidi nikiwa na akili zangu. Nadi ng'ombe."

Basi akanadi. Wa Kwa Mrombo akapandisha. Mama mmoja akapandisha kwa sauti ya kutetemeka. Wale vijana waliocheka wakaanza kuingiza mikono mifukoni, mmoja mmoja, hawamtazami Koko usoni. Lomayani alikuwa wa kwanza kwenda mbele kuchanga. Kila wa Kwa Mrombo alipopanda, kanisa zima likapanda, hadi akashusha fimbo yake. "Nimeshindwa na Walutheri," akasema, naye akatia chake kwenye kapu. Mzee Anaeli akachukua kamba. Kwetu kuna desturi: aliyenunua mnadani anaweza kumzawadia amtakaye, na safari hii mnunuzi ni sisi sote. Akaiweka ile kamba mkononi mwa Neema. Sadaka ilibaki kanisani, ahadi ikatimia, na ng'ombe akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Jioni hakuna aliyekaa ndani. Kilele cha Meru kilikuwa kimevaa ukungu, nikaogopa utashuka utufunike, nami nibaki mwongo wa kijiji. Haukushuka. Jua lilipozama zikatokea upande wa tambarare, kama shanga, kimya vile vile. Hakuna aliyekimbia. Zilipofika juu ya mlima zikazimika moja moja, maana zilikuwa zinaingia kwenye kivuli cha dunia, kama mama mlezi alivyonieleza baadaye. Koko alisimama, kichwa nyuma, mdomo wazi.

"Watu ndio wamezirusha hizo?" akanong'ona. "Watu hawa hawa wanaokula ugali?" Nikasema ndiyo. Kustaajabu kuliendelea kumshika, ila hofu ilikuwa imemwacha.

Usiku ule aliniambia niwaandikie, na maneno haya nimemsomea mara mbili ili nisiongeze langu:

"Mwanangu, unayeshika simu mahali popote ulipo: ng'ombe hufunguliwa mdomo kabla ya kununuliwa, na neno la kwenye simu vivyo hivyo. Muulize: wewe ni nani? Umejuaje? Mimi nitaonaje kwa macho yangu? Mkweli atakuonyesha pa kutazama. Mwongo atakuambia usitazame, tuma upesi kwa wengine. Usinunue mbuzi kwenye gunia, hata gunia likiwa na tarumbeta. Nawe uliyejua, usimcheke aliyeogopa, maana hofu ni ya kila mtu na zamu yako inakuja. Na wewe mwenye haya kama mjukuu wangu, sauti ndogo nayo ni sauti. Mtoto angekosa maziwa kwa sababu ya ukimya wako. Enkai awape macho ya kutazama juu bila kuogopa, na miguu isiyosahau mavi ya ng'ombe iliyoyakanyaga asubuhi."

Kisha akanitemea mate ya baraka kwenye paji la uso, kama wazee wetu wafanyavyo, na nusu ya mate yale ni yenu.

Naombeni mniandikie. Siku hizi Koko huniuliza kila Ijumaa wiki hii kuna nini juu, na kuna swali moja lililonishinda: wale watu wanaoishi kwenye kile chombo kikubwa kinachozunguka dunia, wakipita juu ya Meru, wanatuona? Anayejua ajibu, ila aeleze amejuaje. Koko atatazama meno.