Gololi za Verla Stidham

Baridi ya Januari katika bonde la Lick Branch haina adabu. Inaingia ndani bila kubisha hodi na ikishaingia haiondoki mpaka Machi. Watu wenye akili zao hukaa karibu na jiko, wakala maharage na mkate wa mahindi, wakasengenya majirani. Verla Stidham, siku tatu kabla ya mashindano ya kulenga shabaha, alikuwa kwenye baraza ya nyuma, mlango wa nje kauacha wazi ili moshi utoke, amevaa makoti mawili na aproni ya ngozi juu yake, anayeyusha madini ya risasi. Alikuwa na miaka sitini na minne. Wanawake wa rika lake majira hayo hushona blanketi za viraka. Yeye alikuwa anasubu gololi za gobori: risasi ya moto inamiminwa, inaganda, inakuwa gololi.

Na kusubu wakati wa baridi si mchezo, nakwambia. Risasi yenyewe haina neno. Inakaa kwenye chungu cha chuma juu ya moto wa gesi, inalegea, inayeyuka, unatupia kipande cha nta, unakoroga, takataka zinapanda juu unaziengua, basi. Matata yako kwenye kalibu, kile chombo cha chuma kinachoipa gololi umbo. Kalibu ikiwa baridi, risasi inaganda kabla haijajaa vizuri, na gololi inatoka ina makunyanzi kama zabibu kavu. Ukiipiga gololi ya namna hiyo, inakwenda inakotaka yenyewe. Kwa hiyo Verla aliitumbukiza pembe ya kalibu ndani ya risasi ya moto, akaiacha humo huku akinywa kahawa taratibu, kisha akaanza kumimina. Gololi kumi na mbili za kwanza alizirudisha chunguni bila hata kuzitazama. Ya kumi na tatu ikatoka laini, inang'aa. Akaikata kikonyo, akaidondosha juu ya taulo kuukuu, akacheka peke yake.

Mumewe, Dorsey, akatokea uani na kofia yake imejaa theluji. Verla akamnyooshea upawa.

"Kofia," alisema.

"Theluji kidogo tu hii, mama."

"Hiyo kidogo ikidondoka humu, itakung'oa na jicho la pili."

Dorsey akarudi nyuma hatua mbili, akaikung'uta kofia kule nje. Tone moja la maji likizama ndani ya risasi iliyoyeyuka, chungu kizima hurukia usoni, na Dorsey hakuwa na macho ya kuchezea. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa bandeji. Wiki mbili nyuma daktari alikuwa amemtoa mtoto wa jicho, akamkataza kabisa kushika bunduki mpaka majira ya kuchipua. Mwanamume huyu alikuwa ameshinda fungu la nyama ya ng'ombe katika mashindano ya Lick Branch mara kumi na moja, na sasa alikuwa anazunguka nyumba nzima akipiga miayo na kufungua friji.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo bonde zima halikulijua. Mashindano yale yana sharti moja la tangu enzi za mababu: kila mtu hupiga kwa gololi alizozisubu kwa mkono wake mwenyewe. Ukipiga kwa gololi ya mwenzio, umeiba. Basi mwaka wa kwanza wa ndoa yao Dorsey aliunguza vidole siku moja kabla ya mashindano, na Verla, aliyefundishwa kusubu na baba yake, akamsaidia mara hiyo moja tu. Dorsey akashinda paja zima. Mwaka uliofuata vidole vilikuwa vimepona lakini aliomba tena. Mara hiyo moja ikawa miaka thelathini na moja. Verla alisubu, akapima kila gololi kwenye mizani ndogo, akazitoa zile nyepesi zenye uwazi ndani, na nyuma ya banda akapiga chache kujaribu. Dorsey alikwenda kushinda. Siku ya mashindano yenyewe Verla alikuwa anasimama kwenye sufuria ya maharage, anawapakulia wanaume, anasikiliza mumewe akisifiwa mikono.

Hakuwahi kulalamika. Nyama aliila, na Dorsey alikuwa mume mwema, anachekesha, halewi ovyo. Lakini mwaka huu jicho lilipofungwa, kitu kilimpanda Verla kifuani ambacho hakukitegemea. Alitaka kupiga. Alitaka, mara moja kabla hajazeeka kabisa, kusimama mbele ya watu na kuzipiga gololi zake yeye, zikiitwa zake. Alipomwambia Dorsey, Dorsey alifurahi kweli kweli, akasema atamweleza mwamuzi kwamba mke wake anashika nafasi yake.

"Na gololi?" Verla alimuuliza pale barazani, huku akimimina. "Wakiuliza za nani, utasemaje?"

Dorsey akaangalia theluji kule nje kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akasema hawatauliza. Kisha akasema anasikia simu inalia, akaingia ndani. Simu haikuwa inalia. Verla alimjua mtu wake, kwa hiyo jioni ile, alipomaliza, hakuvirudisha vyombo stoo. Alivipakia nyuma ya gari lao la mizigo, chungu, jiko la gesi, kalibu na vipande vitatu vya risasi, akavifunika turubai.

Jumamosi asubuhi watu kama thelathini walikuwa wamekusanyika kwenye malisho ya Hobart Gayheart, ambaye ndiye mwamuzi. Huyu Hobart ni mzee mrefu, mpole, anayezungumza polepole mno hata mtu unatamani kummalizia sentensi. Dorsey alimweleza kuhusu jicho na kuhusu mkewe. Wanaume wakafurahi, mmoja akapiga mluzi, mwingine akauliza maharage yatapikwa na nani sasa. Hobart alikuna kidevu. Alisema mwanamke kupiga hakuna ubaya wowote, hata bibi yake mwenyewe alikuwa anapiga. Lakini kuna lile sharti.

"Bi Verla," alisema, "hizo gololi kwenye mfuko wako ni za Dorsey. Nawe unajua sharti letu."

Verla akamgeukia mumewe. Alimtazama usoni. Hapo ndipo penyewe. Neno moja la Dorsey lingetosha, na neno hilohilo lingeyafuta mafungu yote kumi na moja na sifa zake zote pale dukani wanaume wanakopigia soga. Dorsey akafungua mdomo. Akakohoa. Akasema baridi ya leo ni kali.

Verla aliumia. Aliumia pabaya, na kwa dakika nzima alitamani kwenda kukaa ndani ya gari, awashe hita, alie. Miaka thelathini na moja ya kuunguza vidole, na mtu anaogopa aibu ya dakika moja. Halafu hasira ikaja, na hasira kwa Verla ilikuwa dawa. Akamwambia Hobart kwamba kama tatizo ni mkono, mkono anao, na vyombo viko nyuma ya gari. Atasubu hapahapa mbele ya kila mtu, na apige kwa hizo.

Wanaume wakatazamana. Kusubu nje, kwenye baridi ile ya kugandisha mate, wengi wao wasingethubutu. Hobart akafikiri, kwa mwendo wake, akasema haoni kwa nini isiwe. Wakamsaidia kufunga turubai kati ya magari mawili ili theluji isiingie chunguni, kisha wakamzunguka wakinywa kahawa. Verla akawasha moto.

Aliyejisogeza karibu kuliko wote alikuwa Clell Nickles, fundi wa magari wa miaka arobaini hivi, mtu wa heshima lakini hajawahi kupata hata kipande cha mfupa katika mashindano yale. Clell alimtazama Verla akiengua takataka, akatikisa kichwa kukubali. Alipomwona anatumbukiza pembe ya kalibu kwenye risasi ya moto, akashtuka.

"Shangazi Verla, utaiharibu," alisema. "Hujaizika kwenye theluji kwanza."

"Niizike kwenye theluji kwa nini?"

"Si ndiyo siri ya Mzee Dorsey. Unaizika usiku kucha, asubuhi unaitoa na barafu yake, unaipangusa, unamimina hapohapo. Alinifundisha mwenyewe. Mwaka wa tisa huu nafanya hivyo."

"Na zinatokaje?"

Clell akasita. "Zina makunyanzi," alisema. "Alisema yatakwisha mkono ukizoea."

Kumbe Dorsey, kila alipoulizwa dukani siri yake ni ipi, alikuwa anabuni lolote linalomjia, na hilo la theluji lilimjia siku moja akiwa ameshiba. Verla alimimina. Akasubiri. Akagonga, akafungua kalibu, gololi ikaanguka kwenye taulo, akaitupa chunguni. Akafanya hivyo mara kumi na mbili, na ya kumi na tatu akaiokota kwa kitambaa, akampa Clell aishike. Clell aliigeuza, akaigeuza tena. Ilikuwa laini kila upande. Kisha taratibu akainua uso na kumtazama Dorsey, na kila mtu akamtazama Dorsey.

Dorsey alivua kofia. Kichwa chake chenye upara kilikuwa kinafuka mvuke kwenye baridi.

"Ni zake," alisema. "Zote. Tangu mwaka ule nilioungua vidole. Mimi sijawahi kusubu hata moja inayofaa kumpiga nayo chura." Akageuka kwa mkewe, na sauti ikapungua. "Nilipaswa kusema pale uliponitazama. Nilikuwa naogopa watanicheka."

Na kweli walimcheka. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa kwenye kiatu. Clell peke yake hakucheka mara moja. Alikuwa anahesabu vidoleni majira ya baridi aliyopoteza kwa kuzika kalibu yake uani, mke wake akimwona hana akili. Kisha naye ikamshinda, akainama akacheka ameshika magoti. Verla alijikuta ana machozi na anacheka vilevile, na ile hasira, alipoitafuta baadaye, hakuiona.

Hobart aliposikilizwa tena, alisema nyama zilizokwisha kuliwa hazirudi, lakini kuanzia leo inajulikana nani alikuwa na mkono. Bi Verla atapiga. Na Dorsey aende kwenye sufuria ya maharage. Dorsey alikwenda bila kubisha, akavishwa aproni yenye maua.

Kila mtu hupiga mara tatu kwenye ubao wake, hatua arobaini, bila kuegemea kitu, na Hobart hupima kwa uzi kutoka katikati hadi kwenye kila tundu. Mwenye uzi mfupi ndiye mshindi. Wengine walipokwisha kupiga, Verla alipiga mara ya kwanza, gobori likampiga begani, akasikia moshi wa baruti puani. Alipiga ya pili. Ya tatu aliichelewesha mpaka watu wakaanza kukohoa, kisha akaiachia. Hobart akaenda na uzi wake, akapima, akapima tena, akarudi kwa mwendo uleule wa siku zote, na watu nusura wamvute.

"Verla Stidham," alisema. "Wa kwanza. Chagua."

Ng'ombe anayeshindaniwa Lick Branch hugawanywa mafungu sita, na washindi huchagua kwa zamu. Mapaja mawili, mabega mawili, la tano ni ngozi na mafuta, na la sita ni risasi yenyewe, ile iliyopigwa ikazama kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Mababu waliigombania, kwa kuwa risasi ilikuwa haba. Siku hizi hakuna anayeihangaikia. Fungu la sita hutajwa tu kwa desturi na huachwa humo udongoni, mwaka hadi mwaka, tangu wengi wa wale waliosimama pale walipokuwa watoto. Dorsey, upawa wa maharage mkononi, alimwonyesha mkewe kwa ishara: paja, paja la kulia, lile nono.

"Nachukua la sita," Verla alisema.

Hobart aliuliza kama masikio yake yamesikia vizuri. Verla akasema yamesikia. Akasema nyama ya paja itakwisha kabla ya Pasaka, na vile vipande vya kusawazishia magurudumu anavyoomba gereji ili ayeyushe si vya risasi tena siku hizi, ni bati lisilofaa kitu. Akalitazama lile tuta lililofunikwa theluji.

"Halafu zilizomo mle nyingi ni zangu," alisema. "Nataka kuzipeleka nyumbani."

Hakuna aliyecheka hapo. Hobart akavua kofia kidogo, akaivaa, akasema fungu la sita ni la Bi Verla na hakuna atakayeligusa. Dorsey naye aliuweka upawa chini, akavua ile aproni, akaenda kwenye gari la Hobart kutafuta sururu. Alijua bila kuambiwa nani angechimba. Udongo ulikuwa umeganda mgumu, jicho lilikuwa moja, na kila pigo lilimtikisa mpaka meno. Alipotoa gololi ya kwanza, imebondeka na ina matope, hakuitupa kwenye ndoo. Aliifuta kwenye suruali yake, akatembea nayo hatua zote arobaini, akaiweka kwenye kiganja cha mke wake.