Asubuhi Kulasitara Walipoanguka Bondeni

Mpunga unapoanza kuingia maziwa hutoa harufu ya utamu mwepesi, kama wali unaotokota nyumba ya tatu. Harufu hiyo ikichanganyika na ya tope lililolala chini ya maji ya masika, nauona tena mwaka wangu wa kumi na moja. Bonde letu lilikuwa kati ya Gazi na Msambweni, chini kidogo ya nyumba, na mama alikuwa na majaruba manne ya mpunga aliyoyalima kwa jembe la mkono. Likizo ya Agosti kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Tangu kunapopambazuka nilikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kinachosimamishwa katikati ya shamba, napiga debe na kurusha madongo kwa kombeo ili kwerea wasishukie masuke. Sikuwa mtoto wa kutulia. Nilipanda, nikashuka, nikazunguka kingo za majaruba, nikapanda tena. Mama alizoea kusema kwamba alinizaa njiani.

Kwerea niliwachukia, lakini kulasitara, wale ndege wa madimbwini, sikuwarushia hata dongo moja. Walifika kila mwaka mvua za masika zikianza kupungua, wakaondoka kabla ya vuli, na hakuna aliyejua walikotoka wala walikokwenda. Akisimama ukingoni, shingo imezama mabegani, kulasitara alikuwa na rangi ya udongo na michirizi ya nyasi kavu. Ungeweza kumkanyaga usimwone. Lakini akiruka alifunua mbawa nyeupe pe, ukabaki unajiuliza weupe wote ule aliuficha wapi. Alikula vyura, panzi na visamaki, punje ya mpunga hakuigusa. Mimi na rafiki yangu Mutheu, ambaye wazazi wake walitoka Ukambani wakapewa shamba la makazi juu ya bonde, tulishindana nani atawaona wengi kabla hawajaruka. Macho ya Mutheu yalikuwa makali kuliko yangu, na jambo hilo lilinikera kila siku.

Mwaka huo mjomba Bakari, ndugu mdogo wa mama, alirudi kutoka Taru alikokuwa akichunga ng'ombe wa watu. Alikuwa mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha nyumba, na ndiye aliyenifundisha kusuka kombeo. Alikuwa ameposa Gazi, posa ikakubaliwa, na Jumamosi moja alitakiwa kwenda kuwaamkia wakwe zake. Wiki nzima alihangaika atakwenda na nini. "Mkono mtupu haulambwi," alikuwa akimwambia mama, na mama akimjibu kwamba mkungu wa ndizi unatosha kwa watu wenye haya.

Jumamosi hiyo nilimwona kutoka juu ya dungu, jua likiwa bado halijachomoza sawasawa. Alisimama kwenye dimbwi kubwa la mwisho wa bonde, akafungua kopo, akamimina. Maji yakageuka meupe kama tui. Upepo ukaniletea harufu kali ya josho la ng'ombe, nikajua ile ni dawa ya kupe. Alipoinua kichwa, macho yetu yakakutana. Akaja mpaka chini ya dungu, anatabasamu.

"Mwanasiti, umeona nini?"

"Sijaona kitu, mjomba."

"Ndiyo mpwa wangu huyo. Kambare watapanda wenyewe, sisi tuokote tu. Usimwambie mtu, hata mama yako."

Nilifurahi kupewa siri. Haukupita muda kambare wakaanza kuelea, matumbo juu, naye akajaza kikapu kikubwa. Mama yake Mutheu alikuwa akipalilia jaruba la pili. Mjomba, kwa ukarimu wake, akampa watano wanono, akasema amewanasa kwa mgono, ule mtego wa kusuka, naye akaenda nao nyumbani kuwapika. Kisha akajitwika kikapu, akaelekea Gazi akiimba.

Kulasitara nao walikuwa wamemiminika dimbwini, wakidona visamaki vilivyobaki. Nilikuwa nikiwahesabu ili nije nimringie Mutheu. Wa kwanza akajaribu kumeza, shingo ikampinda nyuma, akafungua mbawa. Nilingoja apae. Hakupaa. Alizunguka pale pale matopeni, mbawa nyeupe zikipiga maji, mpaka akalala ubavu. Akafuata wa pili, kisha watatu kwa pamoja. Bonde likawa na madoa meupe ambayo hayakuinuka. Nilisimama kichanjani, debe mkononi, nikasikia akili yangu ikisema neno moja tu: chungu. Chungu cha kina Mutheu kilikuwa jikoni.

Nilikimbia. Nilikatisha katikati ya mpunga wa watu, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea bakora, nikapanda mteremko mpaka uani kwao. Hata shikamoo nilisahau.

"Msile samaki!"

Mama yake Mutheu alikuwa akisonga ugali. "Wewe mtoto, unakimbizwa na nini? Hawa ni wa mgono, Bakari amenipa mwenyewe."

"Msile, mama. Ndege wanakufa."

"Ndege na sisi wapi na wapi?" Akaniangalia, akaacha mwiko. "Nani ametia nini kwenye maji? Sema."

 Mutheu alikuwa amekaa mkekani na sahani tupu mbele yake, na mdogo wake Kioko, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa tayari ana kipande mdomoni. Nilimpokonya. Nikasema, "Ni mjomba. Ametia dawa ya kupe. Nilimwona, akaniambia ninyamaze."

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kioko alianza kutokwa na mate, kisha akatapika. Mama yake akamfunga mgongoni, akashika njia ya hospitali Msambweni, miguu peku. Baba yake Mutheu akarukia baiskeli kuelekea Gazi. Aliwakuta wakwe wamekaa barazani na samaki wako motoni. Alimwaga chungu mbele ya watu wote, akaeleza kwa nini. Hakuna aliyekula, alhamdulillahi, na Kioko alirudi siku ya tatu akiwa mzima, akidai uji. Lakini posa ilikufa barazani pale pale. Baba wa binti alisema hawezi kumwoza mwanawe kwa mtu aletaye sumu katika kikapu cha heshima.

Mjomba alirudi jioni, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikusanya nguo zake, akapita mlangoni nilipokuwa nimekaa, akasema, "Umefanya vyema, Mwanasiti," kwa sauti isiyokuwa yake, akaenda zake upande wa Lunga Lunga, akavuka mpaka. Hatukumwona kwa miaka kumi na minne. Mama hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne aliniwekea chakula, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba amenielewa, ila nimpe muda amlilie nduguye. Mimi na Mutheu tuliwazika kulasitara, kumi na saba, ili mbwa wasiwale. Waliosalia walihama bonde, hawakuonekana tena msimu ule.

Sasa mimi ni mwalimu, naishi Ukunda, na bado siwezi kukaa mahali pamoja kwa saa nzima. Miaka michache iliyopita msichana mmoja aliyekuja shuleni kuwafundisha wanafunzi wetu habari za ndege alifungua kitabu chake cha picha, na nikamwona kulasitara wetu. Alisema kulasitara yule huzaa Bukini, kisiwa ambacho leo kinaitwa Madagaska, na visiwa vichache vya jirani, kisha huvuka bahari kuja kwetu kupumzika. Amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kule anakozalia mabwawa yanageuzwa mashamba ya mpunga na mayai yanaokotwa, na huku anakopumzikia mabonde yanakauka. Usiku ule sikulala, nikifikiri kwamba wale kumi na saba waliruka bahari nzima kuja kufia kwetu, na nilikuwa nimekubali kunyamaza kwa ajili ya kikapu cha kambare.

Siku hizi kila Juni naenda kuwahesabu na kumpelekea msichana yule idadi. Zamani tulichoka kuhesabu. Mwaka huu nilipata watatu. Nusu ya bonde imezungushiwa ua wa mabati na viwanja vimepimwa. Nilipokuwa nimechuchumaa nyasini, lori la kifusi lilirudi kinyumenyume mpaka ukingoni mwa dimbwi walimosimama. Nikainuka na kupunga mikono.

"Mama, unatafuta nini huku?" dereva akauliza.

"Kaka, kuna ndege pale. Nakuomba unipe dakika kumi tu, wale wamalize kula."

Alitazama, hakuona kitu. "Wako wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, mpaka akawaona. Alicheka kwa mshangao, akazima injini, akashuka, akachuchumaa kando yangu.  Hatimaye waliruka wote watatu, weupe, wakaelekea upande wa mikoko.

"Kumbe ni wazuri," akasema. Akasubiri kidogo, labda nilikuwa na neno jingine. Nikaandika idadi: watatu. Akarudi garini, akawasha injini, na tela lenye kifusi likaanza kuinuka.