Kichwa Chekundu Kabla ya Makambi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari ninayoipenda ni ile ya kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, na hata hiyo nikiona mawingu naiahirisha. Kwa hivyo niliposhtakiwa mbele ya kwaya kwamba nimekwenda saluni kutia nywele rangi, jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kuna mtu aliamini ningeweza kufika huko.

Hayo yalitokea Migori, miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nimeolewa huko kutoka Homa Bay, na mume wangu alikuwa na kibanda cha vipuri vya baiskeli. Kwetu Homa Bay tuliosha nywele kwa maji ya ziwa: sabuni kidogo tu, povu hadi kwenye nyusi. Migori tulichota kwenye pampu ya mkono nyuma ya kanisa. Maji yake yalitoka maangavu, lakini ukiyaacha kwenye beseni hadi mchana yanageuka rangi ya chai ya mtu bahili. Sabuni ndani yake haikutoa povu, ilikatikakatika kama maziwa yaliyoganda. Watu waliyaita maji ya chumvi, wakaendelea na maisha yao.

Kichwa changu hakikuendelea. Baada ya miezi michache nywele zangu, ambazo nilikuwa nimezinyoosha kwa dawa kabla ya harusi, zilikauka kama katani na kuwa nyekundu. Si nyekundu ya urembo. Nyekundu ya bati kuukuu. Wifi yangu, dada ya mume wangu, tuliyekaa naye ploti moja, hakunihurumia hata kidogo.

"Yawa! Jogoo ameamka," alikuwa akisema kila asubuhi nikitoka na ndoo. "Tuwikie basi, tujue ni saa ngapi."

Nilicheka naye mpaka siku ya mazoezi ya kwaya. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya makambi, ule mkutano wetu Waadventista wa wiki nzima chini ya maturubai, unaomalizika kwa Sabato kubwa. Mwaka huo makambi yalikuwa Homa Bay, kwetu, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuanzisha wimbo. Mama yangu alikuwa amewatangazia wauza samaki wote wa sokoni kwamba binti yake atasimama mbele. Kwa sauti yake ile, nadhani hata kisiwani Mfangano walisikia.

Mazoezi yalipoisha, mwenyekiti wa kwaya akanisimamisha. Alikuwa mama mzito wa maneno, hakuonekana hata siku moja bila kitambaa kichwani. Sisi wengine tuliimba vichwa wazi.

"Nyar nam," akaniita. Binti wa ziwa, ndilo jina alilonipa tangu nihamie. "Hizo nywele umetia nini?"

"Sijatia kitu, mama. Ni maji ya pampu."

"Maji!" Akawageukia wenzake. "Na sisi tunaoga nini? Soda?"

Wote wakacheka, na kusema kweli hata mimi ningecheka kama kichwa kingekuwa cha mwingine.

"Mtu wa rangi kichwani hawezi kusimama mbele ya watu wa Mungu," akasema, sasa bila kicheko. "Kama Sabato ya makambi itakukuta hivyo, utakaa na wageni. Mwingine ataanzisha."

Nilirudi nyumbani nikiwaza uso wa mama yangu akinitafuta safu ya mbele na kunikuta kwenye viti vya wageni. Ndipo nikafanya kosa la mtu msafi: nikaosha. Nikaosha asubuhi, nikaosha jioni, kwa sabuni ya kipande na maji yale yale ya pampu. Siku ya nne kitana kilipoteza meno matatu. Nywele zikazidi wekundu. Nilikuwa najipaka kutu kwa bidii, tena kwa maombi.

Kilichoniokoa ni uvivu. Jumapili moja sufuria zote zilikuwa chafu na mume wangu alitaka uji. Uji wetu bila ukwaju si uji, na mama alikuwa amenitumia gunia dogo kutoka Homa Bay. Badala ya kuosha sufuria, nikautia ukwaju kwenye birika na kuuchemshia humo. Birika hilo lilikuwa na ukoko mgumu wa kahawia ndani, uliotokana na maji ya pampu, ukoko niliokuwa nimeukwangua kwa kisu nikashindwa. Nilipomimina, ukatoka wenyewe, vipande kwa vipande. Ndani ya birika mlikuwa mnang'aa kama siku tulipolinunua.

Nikalitazama birika. Nikashika kichwa changu. Sikuwa hodari darasani. Somo la maji nililala, na cheti changu cha kidato cha nne mama alikifungia sandukuni kisitutie aibu. Lakini birika nalielewa. Ukoko uliokuwa mle ndani ulitoka pampu ile ile, na uliokuwa kichwani mwangu ulikuwa ndugu yake.

Nikachemsha ukwaju mwingine, nikauchuja kwa kitambaa, nikauacha upoe. Tatizo lilikuwa maji ya kusuuzia, maana nikirudisha ya pampu nimerudi nilikotoka. Tulikuwa na nusu pipa ya maji ya mvua, ambayo mume wangu aliyalinda kwa ajili ya chai.

"Kwa hivyo," akasema akinitazama nikichota, "mimi ninywe kutu ili kichwa chako kinywe mvua?"

"Ni siku moja tu, baba."

"Kichwa kinywe tu. Lakini uji uliobaki usikipe."

Nikaumimina ukwaju. Kulikuwa na kidonda nyuma ya sikio, pale kitana kilichopoteza meno kiliponichuna, na ukwaju ulikipata moja kwa moja. Niliimba sauti ya kwanza, ya pili na besi kwa pamoja. Nikavumilia muda wa kuchagua mchele, nikasuuza kwa mvua, nikarudia kesho yake na keshokutwa. Mara ya tatu kitana kilipita bila kunisimamisha njiani. Nikajipaka mafuta, nikatazama kioo. Nyeusi! Nyeusi ya kwetu!

Wifi yangu alichungulia beseni, akaona maji mekundu-mekundu. "Aah! Kumbe rangi ndiyo hiyo inatoka!" Na kabla sijafunga mdomo, habari ilikuwa imefika kwa mwenyekiti.

Mazoezi yaliyofuata akanizunguka kama anayenunua ng'ombe. "Sasa umeitoa. Vizuri. Lakini kutoa ni kukiri kwamba ulitia. Utakaa na wageni."

Blauzi zetu nyeupe za sare zilikuwa zimefuliwa na kupangwa kwenye benchi, tayari kwa safari. Nyeupe ni jina tu. Kola zote zilikuwa rangi ya kichwa changu cha juzi. Nikafungua mfuko wangu, nikatoa blauzi yangu, niliyoiloweka kwenye ukwaju ule ule na kuisuuza kwa mvua, nikailaza katikati ya zao. Ilikuwa kama jino jipya kwenye kinywa cha mzee.

"Mama," nikasema, "hizi nyingine mlizipeleka saluni gani?"

Mwenyekiti aliishika kola ya blauzi yake, akaisugua kwa kidole gumba, akaishika yangu. Kisha akasema, "Haya, shikeni wimbo. Nyar nam, anzisha."

Jioni hiyo hiyo alikuja jikoni kwangu, akafunga mlango nyuma yake, akafungua kitambaa. Mungu wangu. Kichwa changu kibaya kabisa kilikuwa mwanafunzi mbele ya kile.

"Usicheke," akasema.

"Sicheki, mama." Nilikuwa nacheka.

"Nilidhani ni uzee. Nilidhani Mungu ananipitisha kwenye wekundu kabla ya mvi." Akainamisha kichwa juu ya beseni langu. "Mimina. Na kama inauma, uniambie mapema."

Sikumwambia mapema. Nilikuwa na deni lake dogo la viti vya wageni.

Mpaka siku ya kuondoka, nusu ya kwaya, wengi wao kwa ukavu tu bila wekundu, ilikuwa imepita kwenye beseni lile, wifi yangu akiwa wa mwisho kwenye foleni na wa kwanza kulalamika. Gunia la ukwaju liliisha. Mume wangu alikunywa uji mtupu kwa siku tatu.

Sabato ile Homa Bay nilisimama safu ya mbele, katikati, nikaanzisha. Upande wangu wa kulia mwenyekiti aliimba kichwa wazi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mama yangu alikuwa amekaa mahali ambapo hata kipofu angemwona, akiwaonyesha jirani zake kwa kidole, "Yule. Yule wa katikati."

Tulipomaliza alinijia mbio, akanikumbatia, akapitisha vidole kwenye nywele zangu. Kisha akanusa. Akamgeukia mwenyekiti, akamnusa naye.

"Nyathina, mwanangu," akaninong'oneza, "mmeimba vizuri sana. Lakini mbona kwaya nzima inanuka uji?"