Pembe ya Picha ya Shaba

Katika makumbusho ya mji wetu wanasugua vitu walivyopokea mwaka huu. Harufu ya ndimu na majivu imenirudisha Kapata, mtaa wa utoto wangu, siku jirani yetu Mukasai alipofukuzwa pamoja na watoto wake, kwa kuwa ni watu wa Kasai. Alimwachia mama yangu picha yao ya shaba amtunzie.

"Unichungie tu, nitarudia."

"Nitakuchungia, mama," mama yangu akamjibu.

Treni yao ilikuwa bado stesheni mama alipoanza kuisugua kwa ndimu na majivu, pembe moja tu, pale walipokwaruza jina lao kwa msumari.

"Mama, si ni ya kuchunga?" nilimuuliza.

"Nyamaza! Kusugua njo kuchunga."

Leo picha ile iko hapa makumbusho; kikaratasi chake kinasema ni zawadi ya familia, na jina lililoandikwa ni letu.

"Unaijua, mama?" mlinzi ananiuliza.

"Hapana," ninasema, kidole changu kikiwa juu ya herufi mbili za jina lao ambazo majivu hayakuzimaliza.