Chuma cha Mlango wa Jikoni

Wifi yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ukimkosea, omba radhi siku hiyohiyo. Nasema hivyo mimi, dada wa mumewe, tumbo moja. Damu ni damu, lakini safari hii kaka yangu alinikera mpaka nikahamia upande wa mkewe.

Makumbusho yaliwapa kaka na mkewe kazi ya kutengeneza mfano wa majua mawili yanayozungukana huko mbali angani, na sayari kubwa ajabu iliyojibana karibu na mojawapo. Wifi alichora, akakata, akachomelea. Kaka alipaka rangi na kupokea simu.

Sayari ile, kwa kuwa iko karibu mno na jua lake, hulizunguka mbiombio, wakati jua la pili linajivuta taratibu kule pembeni. Basi tufe zito la sayari lilipozungushwa na mota, meza nzima ilitetemeka. Wifi akaingia chini ya meza, akafunga kipande cha chuma upande wa pili wa mhimili ili uzito ulingane. Meza ikatulia tuli. Kaka hakuinama hata mara moja kuona kilichofungwa pale.

Kisha kikaletwa kibao cha shaba cha kubandikwa mbele. Jina la kaka, basi.

"Na langu?" wifi akauliza.

"Aa, mama watoto, kibao chenyewe kidogo. Majina mawili yangebanana."

"Majua mawili yametoshea, majina mawili ndiyo yameshindikana?"

Kaka akacheka. Jioni ile wifi alirudi na kile chuma cha chini ya meza mkobani, akakitua jikoni kuzuia mlango usijifunge. Nilikitambua. Sikumwambia kaka, na roho yangu ikaburudika kwelikweli.

Siku moja kabla ya ufunguzi wa maonyesho, kaka aliingia jikoni anahema, akajigonga kidole kwenye chuma.

"Nani kaweka lidude hili hapa?"

"Mimi. Nataka mlango ukae wazi."

"Mama watoto, ule mfano unatikisika! Twende ukautazame."

"Weka jina langu, nakuja sasa hivi."

"Kibao kimeshachongwa, jamani!"

"Basi nenda, fundi. Kazi ni yako."

Akatoka anachechemea, amekiruka chuma chenyewe.

Ufunguzi nilikwenda mimi. Wifi alibaki nyumbani anakaanga vitunguu. Mota ilipowashwa, sayari ilikimbia, meza ikacheza, na jua la pili likang'oka na kubingirika hadi kwenye viatu vya mkurugenzi. Kaka akalikimbiza anachechemea. Sikumhurumia. Nilirudi mbio kupeleka habari.

Wifi alisikiliza bila kuacha kukoroga.

"Na kibao? Kilianguka?"

"Hapana, kipo palepale. Kila mtu alikuwa anainama kukisoma."

Akazima jiko, akafuta mikono kwa kanga.

"Vizuri," akasema. "Wajue ni kazi ya nani."