Herufi A ya Jina la Mama

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye kitambaa, vidole vyangu hujikunja vyenyewe. Watu hudhani nayachukia. Siyachukii, nayaogopa tu, tangu nikiwa na miaka minane, mwaka ule Mama alipolazwa hospitali ya misheni kupasuliwa uvimbe tumboni.

Kwetu ni Igurwa. Baba alibaki hospitalini na Mama, mimi nikaachwa kwa Mjomba Erasto, kaka yake Mama, aliyekuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa. Kila mchana mkewe alinituma nimpelekee ndizi na maharage, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Nami kwa udadisi niliokuwa nao, nilikaa hapo mpaka nifukuzwe.

Mjomba alinifundisha kuzisoma herufi zake za madini ya risasi, ambazo hukaa kinyume, kama kwenye kioo. Nyembamba zilikuwa nyingi, za kujazia kurasa. Lakini palikuwa na sanduku la juu, la herufi nene za mtindo wa zamani, kila moja na vikanyagio vyake chini, kama nyayo ndogo. Hizo ndizo nilizozipenda. A yake ilikuwa na mguu mmoja mwembamba na mwingine mnene, kama mzee aliyeegemea fimbo.

"Hizi ni za mlangoni," Mjomba aliniambia. "Mtu akipita na mkungu kichwani, azisome bila kusimama."

Kwa hiyo zilitumika kwenye jalada la kitabu cha nyimbo, kwenye ilani za chanjo ya ng'ombe, na kwenye matangazo ya misiba yaliyobandikwa mlango wa kanisa. Miaka ile watu walikufa sana, na ugonjwa wenyewe haukutajwa jina. Kazi ikiisha, herufi zote zilipanguswa wino kwa mafuta ya taa na kurudishwa sandukuni, isipokuwa neno moja: TANZIA. Hilo halikufunguliwa. Lilikaa mezani limefungwa kamba, likisubiri jina. Nilikuwa nalipita kwa mbali kidogo, kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Siku ya nne nilipofika na chakula, Mjomba hakuwepo. Chini ya TANZIA palikuwa na jina. Nililisoma kutoka kulia, polepole, nikiomba niwe nimekosea. ADELA.

Mama yangu anaitwa Adela.

Sikulia. Asubuhi ile tulikuwa tumeambiwa bado anapumua, kwa hiyo nilijua hajafa. Ila jina lake lilikuwa limeshatangulia. Bibi yetu alipenda kusema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikawaza, ikiwa kusema tu kunaliita jambo, je, kulipanga kwa risasi, kwa herufi za mlangoni?

Kamba ya jina ilikuwa imelegea. Nikaichomoa ile A ya mwanzo, nikaifumbata, nikaacha chakula pale na kukimbia hadi kwenye kibanja cha Mjomba, shamba la migomba nyuma ya nyumba. Nikaifukia chini ya matandazo, kwenye shina la mgomba. DELA hakuwa mama yangu. DELA na afe, nilijisemea, Mungu anisamehe.

Saa kumi Mjomba alirudi nyumbani, nyuma yake msimamizi wa kiwanda, mtu wa maneno machache ambaye kesho yake alikuwa anasafiri na ufunguo wa kiwanda. Niliwaamkia shikamoo, mikono nimeificha mgongoni.

"Erasto, A zile tunazo chache," msimamizi alisema. "Imekwenda wapi?"

Mjomba alinitazama. Akanivuta mikono mbele, akatoa mfukoni kitambaa chake chenye mafuta ya taa, akaanza kunipangusa kidole kimoja kimoja.

"Huyu mtoto hajanawa, na chakula kiko tayari," alisema. "Hiyo A nadhani nimeiangusha mimi njiani."

"Sasa tutachapaje?"

"Hatuchapi."

Msimamizi alinung'unika, akaondoka. Usiku ule sikulala kwa hofu: Mama, Mungu, ile A, vyote kwa pamoja.

Siku mbili baadaye Mama aliomba uji. Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyemrudisha, na kila jembe lilipokaribia ule mgomba nilipata homa. Sikumwambia mtu.

Nilimwambia Mjomba nikiwa nimeshazaa wangu wawili. Alicheka.

"Wino ulikuwa umejaa kwenye vidole vyako, mwanangu. Daktari alikuwa amekata tamaa, na msimamizi akataka tangazo liwe tayari kabla hajafunga kiwanda. Nilipanga mwenyewe kwa sababu sikutaka mkono wa mtu mwingine uliguse jina la dada yangu. Lakini kukaza kamba nilishindwa, nikatoka nje. Niliporudi nikakuta A haipo, nilikaa chini nikamshukuru Mungu."

Kumbe hakuwa ananisafisha ili nile. Alikuwa akinifuta wino kabla msimamizi hajauona.